Naomba ushauri: kayaki ya kujaza upepo yenye pedali kwa mawimbi madogo ya Entebbe

MkaziWaKigungu:
Wakuu, habari za wikendi. Nimepanga ghorofani hapa Entebbe, kwa hiyo kayaki ngumu sina pa kuiweka. Bega langu la kulia halivumilii kupiga kafi muda mrefu, ndiyo maana nataka ya pedali. Nimebaki na mbili za kuchagua. Moja ni fupi, mita 2.8, nyepesi, na inasukumwa na mapezi yanayopepea chini yake kama ya samaki. Nyingine ina mita 3.8 na propela, nzito, na bei yake imepanda. Nitazungukia karibu na ufuo wa Kigungu, mawimbi ya magotini, si zaidi. Nina kilo 85. Nyinyi mngechukua ipi?

BabaKalangala:
Ndugu yangu, ufupi ndio utakaokutesa. Mawimbi ya ziwa letu la Viktoria si kama ya bahari, ni mafupi na yanafuatana upesi. Kayaki ya mita 2.8 kila wimbi litaiinua omo, yaani sehemu ya mbele, na kuibwaga, utachoka miguu na bado uko palepale. Usishuke chini ya mita 3.5.

FundiBoti_Jinja:
Urefu naungana na Baba, ila propela usiikimbilie. Huku kwetu kuna magugu maji. Propela inaning'inia chini sana, na ikikutana na magugu yanajisokota kwenye shina lake mpaka pedali zinagoma. Hapo inabidi uinue mfumo wote na kuyachambua kwa mkono, huku mawimbi yanakugeuza ubavu. Mapezi ni tofauti. Kampuni ya kayaki ya Hobie imeyauza tangu 1997, na ukisukuma pedali moja mbele kabisa yanalala bapa chini ya kayaki, unapita juu ya magugu au mchanga bila shida. Sifa kubwa ya propela ni kwamba ukipiga pedali kinyume inarudi nyuma. Mapezi ya zamani hayarudi, ya kisasa yapo yanayorudi, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Jambo ninalolipa uzito kuliko yote ni sakafu. Tafuta ile ambayo ndani ina maelfu ya nyuzi zinazoshika tabaka la juu na la chini. Hiyo unaijaza hadi PSI 10 (kipimo cha presha ya hewa) au zaidi, inakuwa ngumu kama ubao. Ya mirija mitupu inapinda katikati, na nguvu ya mguu inaishia kwenye kiti badala ya kwenda majini. Angalia pia usukani uwepo, na mkuku (ubapa wa chini unaoshika mwelekeo) au pezi la nyuma, maana kayaki ya upepo inaelea juu mno na upepo wa ubavuni unaisukuma unavyotaka.

DadaWaKasese:
Na kutua ufukweni mawimbi yakiwepo? Hapo ndipo naona watu wengi wanapinduka.

FundiBoti_Jinja:
Dada umegusa penyewe. Kabla hujafika pasipo na kina, chomoa pedali, inua usukani, malizia kwa kafi, na omo iangalie ufuo moja kwa moja. Kwa hiyo kafi ni lazima hata kwa mwenye bega bovu. Mkuu, jaribu kwanza kama unaweza kupiga kafi dakika kumi mfululizo.

BabaKalangala:
Niongeze la upepo. Asubuhi ziwa linaonekana limetulia, lakini upepo mara nyingi unatoka nchi kavu kwenda ziwani, na kitu chepesi hivyo unakichukua taratibu bila wewe kuhisi. Mchana unageuka na kuleta mawimbi. Kwa hiyo tembea sambamba na ufuo. Habari za kufika kisiwa cha Ngamba, kilomita 23, ziache kabisa. Ukiona wingu jeusi au ukisikia radi, toka majini saa hiyohiyo. Jaketi okozi livaliwe, si la kufungwa nyuma ya kiti. Na jifunze kupanda tena kutoka majini ukiwa na mwenzako, kabla hujatoka peke yako.

NesiWaZiwani:
Kichocho wakuu. Konokono wanaokibeba hukaa kwenye mimea ya ukingoni, na vijidudu vinapenya ngozi bila kuuma. Ingia majini mahali pasipo na majani, jikaushe ukitoka, na uende kituo cha afya ukapimwe na kuulizia prazikwanteli, dawa ya kichocho, hata kama huumwi.

MkaziWaKigungu:
Asanteni sana, kwa kweli. Nimeziacha zote mbili. Nimepata ya mita 3.6 yenye mapezi, sakafu ya nyuzi na usukani. Bega nitalijaribu Jumamosi kwa kafi la kuazima. Swali la mwisho: nikipumzika ufukweni, niiache imejaa?

FundiBoti_Jinja:
Hapana. Jua letu linapasha hewa ya ndani na presha inapanda, gundi ya maungio inaachia. Ipeleke kivulini au punguza upepo kidogo, kisha pima tena kabla ya kurudi majini. Nunua na kipimo cha presha, usikisie kwa kidole. Ukimaliza, ikaushe vizuri ndipo uikunje, na agiza gundi na viraka vya PVC pamoja na kayaki yenyewe.