Programu za kiangazi za maktaba: mwenye watoto wa rika tofauti anaanzia wapi?

mama_watatu

Habari za muda huu wadau. Nina swali, na nitaandika kirefu kidogo mnivumilie.

Shule zimefunga, watoto wako nyumbani mpaka kiangazi kiishe. Ninao watatu, mkubwa ana miaka 9, wa kati 6, kitinda mimba katimiza 2 juzi tu. Mimi nafanya kazi za shifti, baba yao anatoka alfajiri anarudi wameshalala, kwahiyo siku zangu za ofu ndo siku zao za kutoka. Wiki iliyopita nimepita maktaba ya umma nikakuta bango kubwa mlangoni, programu ya kusoma ya kiangazi, saa ya hadithi, siku ya sayansi, sinema ya familia jioni, vyote wameandika bure. Nikasimama pale nasoma mpaka mwisho halafu nikaondoka bila kuingia.

Sababu ni kwamba mwaka jana niliwahi kuwapeleka mara moja, mdogo akaanza kulia, mzee mmoja aliyekuwa anasoma gazeti akatugeukia na jicho, nikabeba watoto wangu nikatoka na toka siku hiyo sijarudi. Najua ni kitu kidogo ila kiliniuma, nilijiona kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Sasa maswali yangu. Hiyo bure ni bure kweli au kuna kitu mbele ya safari? Ni lazima uwe na kadi? Mtoto wa miaka 2 anaruhusiwa? Mkubwa wangu kitabu hataki hata kukiona, nikimwambia soma anakaa nacho nusu saa ukurasa ule ule, je huyu nimlazimishe kujiandikisha? Na la mwisho ndo naliwaza zaidi, nyumbani tunaongea Kiswahili na usiku nawasomea vitabu vya Kiswahili, navyo vinahesabika au ni lazima viwe vya lugha ya shule?

Nawasilisha.

baba_wa_kusimulia

Pole dada, na karibu. Mimi huu ni mwaka wa nne tunafanya hizi programu na wanangu, nikupe jinsi zinavyokwenda.

Unafika kaunta ya watoto unasema nataka kuwaandikisha kiangazi, au unaingia kwenye tovuti yao. Kila mtoto anapewa karatasi yenye viduara au anafunguliwa akaunti kwenye apu. Kuna maktaba zinahesabu vitabu, kuna zinahesabu dakika, kuna zinahesabu siku. Uingereza kwa mfano wana ile changamoto ya kiangazi iliyoanza 1999, mtoto anaweka lengo la vitabu, kwa kawaida sita, anavisoma likizo nzima na kila akirudi maktaba anapewa stika, akimaliza anapewa medali au cheti. Kwingine ni dakika 20 kwa siku unapaka rangi kiduara kimoja. Hakuna mtihani hata kidogo. Hakuna anayekuja kumuuliza mtoto kitabu kilihusu nini, wanakuamini wewe mzazi unavyojaza, na hilo ndo lilinifurahisha kuliko yote maana wanangu wameshachoka kuulizwa maswali mwaka mzima.

Bure ni bure kweli. Kadi unahitaji ukitaka kuazima, na kwa kadi watakuomba kitu kinachoonyesha unapoishi. Kwenye shughuli zenyewe, yaani hadithi, sinema, siku ya sayansi, mara nyingi unaingia bila kadi ila zile zenye nafasi chache unajiandikisha mapema. Nilichelewa mwaka wa kwanza, nikakuta siku ya maroboti imejaa na listi ya kusubiri imejaa, mwanangu akanuna wiki nzima. Jiandikishe wiki ya kwanza ratiba ikitoka.

Na ukisikia faini usiogope. Siku hizi maktaba nyingi zimeziondoa, Chicago waliacha kutoza kuchelewesha mwaka 2019, New York 2021. Ukipoteza kitabu kabisa hapo ndo unaweza kudaiwa, kwahiyo mimi nina kapu moja tu mlangoni, kitabu cha maktaba hakilali nje ya lile kapu.

rafu_ya_chini

Mama_watatu, nafanya kazi sehemu ya watoto kwenye maktaba, na nimeisoma habari yako ya mwaka jana mara mbili. Naomba urudi. Yule mzee hakuwa mwenye nyumba. Ile nyumba ni yako kama ilivyo yake. Tamko la UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu na utamaduni, kuhusu maktaba za umma, lile la 1994 lililofanyiwa marekebisho 2022, linasema huduma ni kwa kila mtu bila kuangalia umri, lugha, wala hali yake, na kwamba maktaba ya umma kimsingi iwe bure. Mtoto wa miaka 2 naye ni kila mtu.

Kelele ni hivi, upande wa watoto siku hizi haujengwi uwe kimya, na saa ya hadithi yenyewe ni kelele iliyopangwa. Nusu saa hivi, nyimbo mbili, kitabu kifupi, kupiga makofi, kitabu kingine, vikaragosi, mwisho mapovu ya sabuni au kuchezea matofali ya kujengea. Mtoto akitembeatembea katikati hatumkatazi. Akilia unatoka naye mlangoni dakika mbili unarudi, hakuna atakayekugeukia, wazazi wote pale wameshapitia. Utaona pia tunarudia nyimbo zile zile kila wiki, wageni wanadhani tumeishiwa, kumbe mtoto mdogo anaanza kufurahia wimbo akishaujua, wiki ya tatu ndo utamwona anainua mikono kabla sijaanza.

Sasa Kiswahili. VINAHESABIKA. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu swali hili naulizwa kila kiangazi na wazazi wanaouliza kwa sauti ya chini kama wanaomba msamaha. Kwenye programu nilizofanyia kazi tunahesabu lugha yoyote. Tunahesabu kitabu ulichomsomea wewe, kitabu cha sauti mkiwa kwenye gari, katuni, gazeti, kitabu kile kile mara kumi. Mtoto anayesomewa Kiswahili usiku anajifunza kuwa hadithi ina mwanzo na katikati, kwamba maneno yanakatika vipande, kwamba kuna maneno ambayo kwenye maongezi ya kawaida hayatokei, na vyote hivyo anavihamisha kwenye lugha ya shule. Wazazi wengine wanaacha lugha yao wakidhani wanamsaidia mtoto. Jamani msiache. Muulize mkutubi wako moja kwa moja asikie, na ukishamuuliza ongeza hili, mwambie tunaomba vitabu vya Kiswahili. Kuna fomu ya kupendekeza vitabu vya kununuliwa na watu wachache sana wanaijaza. Kisipokuwepo pale tunaweza kukiomba kwenye maktaba nyingine kikaletwa.

Jambo la mwisho, kwa kuwa unafanya shifti, uliza umri wa mtoto kuachwa peke yake. Kila maktaba ina kanuni yake na mtoto wa miaka 6 hakuna nilikoona anaruhusiwa kubaki bila mtu mzima. Na ukijiandikisha halafu ukashindwa kuja tupigie tu, nafasi tunampa aliye kwenye listi.

mzazi_makini

Naunga mkono ila niseme upande mwingine, maana hapa kila mtu anasifia.

Mwanangu wa kwanza alisoma kwa ajili ya zawadi. Alijaza karatasi nzima ndani ya wiki mbili, vitabu vyembamba vyembamba, akachukua zawadi yake, na hakugusa kitabu mpaka shule zilipofunguliwa. Nilihuzunika kwa sababu mimi ndo niliyemsukuma, kila jioni nauliza umefika wangapi, umefika wangapi, kama namdai. Mwaka uliofuata sikumuuliza idadi. Nilikaa chini na kitabu changu mwenyewe, naye akiwa sakafuni na chake, na ile karatasi tuliijaza Jumapili kwa pamoja wote, maana kumbe kuna programu ya watu wazima pia, na mimi niliandikishwa. Alivyoona mama naye ana karatasi na mama yuko nyuma yake viduara vitatu, hapo ndo alianza kusoma kwa raha.

Kwahiyo huyo wa miaka 9 dada usimlazimishe. Mpeleke, mwache azunguke mwenyewe, akitoka na kitabu cha mizaha au cha kuchora magari au katuni usiseme neno, mwazimie. Kukaa ukurasa mmoja nusu saa inaweza kuwa hataki, inaweza pia kuwa anapata shida ya kusoma au macho, hilo mwangalie kwa upole na mwalimu wake aulizwe.

chaki_na_ubao

Mwalimu hapa. Nichangie kidogo kwa nini hizi programu zipo, maana ni za siku nyingi, Marekani maktaba zilianza kufanya klabu za kusoma za kiangazi miaka ya 1890. Baadaye watafiti wakaanza kupima mtoto anapoteza nini likizoni. Mwaka 1996 mtafiti wa Marekani Harris Cooper na wenzake walizipitia tafiti 39 wakaona kwa wastani mtoto anarudi amepungukiwa kama mwezi mmoja wa masomo, na hesabu inapungua zaidi kuliko kusoma, ila kwenye kusoma watoto wa familia zenye kipato kidogo ndo walirudi nyuma. Watafiti wengine wa karibuni wamezipima upya takwimu hizo wakasema upungufu huo unategemea sana mtihani uliotumika, kwahiyo mzazi asikae na hofu kwamba likizo moja imemharibu mtoto.

Ninachokiona mimi darasani, na hiki nakisema kwa macho yangu tu, ni kwamba mtoto aliyezunguka na vitabu kiangazi anarudi hajaogopa ukurasa.

Na kwa huyo mkubwa, uliza kama wana mbwa wa kusomewa. Ndiyo, mbwa. Mpango huo ulianza Salt Lake City, Marekani, mwaka 1999 ukasambaa, mbwa aliyefunzwa analala kwenye mkeka na mwenyewe yuko pembeni, mtoto anamsomea kwa sauti dakika kumi na tano. Mbwa hamsahihishi. Nimewahi kumpeleka mwanafunzi aliyekuwa anakataa kabisa kusoma mbele ya watu na siku ile alisoma kurasa saba. Kama mtoto anaogopa mbwa basi, uliza hadithi ya njiani, kurasa za kitabu zinabandikwa kwenye nguzo kando ya njia ya bustani mnatembea mnasoma, ilianzia jimbo la Vermont, Marekani, mwaka 2007, hiyo inawafaa wote watatu kwa pamoja na mdogo anakimbia anavyotaka.

baba_wa_kusimulia

Nilisahau, kama uko Marekani, maktaba nyingi kiangazi zinatoa chakula cha mchana kwa watoto mpaka miaka 18, ni programu ya serikali ya kipindi shule zimefungwa. Sehemu kubwa hamjazi fomu yoyote, mtoto anafika muda ule anakula. Usione aibu hata kidogo, chakula hicho kimewekwa kwa ajili ya watoto.

mama_watatu

Wadau nimerudi kutoa mrejesho. Nimesoma majibu yote, mengine nimeyasoma kwa sauti mume wangu akasikia.

Tumeenda leo. Nilifika kaunta nikauliza la Kiswahili kwanza kabla hata ya salamu kukaa sawa, dada wa pale akasema ndiyo andika tu, akaniuliza jina la kitabu tulichosoma jana usiku linatamkwaje akalirudia mpaka akalipata. Hapo koo lilinibana. Nimewaandikisha wote watatu na mimi wa nne. Kitinda mimba saa ya hadithi alikaa dakika kama tano halafu akaenda kumkumbatia kikaragosi cha bata na hakutaka kukiachia, alilia tukatoka mlangoni tukarudi kama ulivyosema rafu_ya_chini, hakuna aliyetugeukia.

Mkubwa kazunguka peke yake karibu saa nzima. Alirudi na kitabu kimoja kinene cha picha kuhusu papa, nikaazima bila kusema neno. Sasa hivi ni saa tatu usiku na namsikia chumbani anamsimulia mdogo wake, kwa Kiswahili, meno ya papa yanavyong'oka na kuota mengine, anakwama kwenye maneno anatafuta lake.

Fomu ya kupendekeza vitabu nimechukua tatu. Rafu_ya_chini, mtu anaruhusiwa kuandika vingapi kwa mara moja?

rafu_ya_chini

Kwetu hakuna kikomo, ila kila maktaba na yake. Andika jina la kitabu, mwandishi, na mchapishaji kama unamjua, hicho cha mwisho kinatusaidia sana kwa vitabu vya Kiswahili maana wasambazaji wetu wengi hawana. Jaza zote tatu, na hao wazazi wengine wanaosoma uzi huu nao wajaze kwenye maktaba zao.