Yule meja wa Arnhem mwenye mwavuli aliyefia Nanyuki: ujasiri kweli au maonyesho?

mkulima_wa_usiku:
Wakuu habari za jioni. Jana kijiweni tumebishana mpaka chai ikapoa kuhusu Meja Digby Tatham-Warter, ofisa Mwingereza wa askari wa miavuli vita kuu ya pili, ndo yule aliyehamia Kenya 1946 akafia Nanyuki 1993. Pale Arnhem, Uholanzi, Septemba 1944, jamaa alikuwa anatembea kwenye risasi kashika mwavuli, na sisemi ule wa kurukia kwenye ndege, nasema huu wetu wa mvua. Mwenzangu anadai ni maonyesho tu, ofisa mwenye akili anajificha ili aendelee kuongoza watu. Mimi nakataa ila nashindwa kumjibu. Mliopita jeshini nisaidieni.

SajiniMstaafu:
Mwavuli ndo kila mtu anaukumbuka, ila anza na kazi yake ya kabla. Tarehe 17 walidondoshwa mbali na daraja la Arnhem walilotumwa kulishika, kama kilomita 12 hivi, na mkuu wa batalioni yao Luteni Kanali John Frost akaipa kombania A ya huyu bwana iongoze batalioni nzima sababu alijua ni mtu wa kwenda mbio. Njiani barabara zina Wajerumani, yeye akawapitisha vijana nyuma ya nyumba za watu, bustani hadi bustani, giza linaingia wameshashika ncha ya kaskazini ya daraja. Halafu kuna hili mimi naliheshimu kuliko yote: kabla ya safari alishahisi redio zitazingua, akawafundisha vijana kupokea amri kwa tarumbeta kama majeshi ya zamani. Na redio zikazingua kweli! Wengine wanapoteana, kombania yake inasikilizana. Mtu wa maonyesho hafikirii hivyo mkuu.
Kuhusu mwavuli sababu aliitoa mwenyewe, alikuwa hakumbuki maneno ya siri, akaona bora abebe kitu ambacho yeyote akikiona atajua huyu lazima ni Mwingereza.

Bi_Tausi:
Naongezea kwa Sajini. Waliambiwa washikilie masaa 48 vifaru vya kwao vitafika, havikufika. Watu kama 740 tu pale darajani, wakakaa siku tatu na zaidi, nyumba zinawaka juu yao na majeruhi wamejaa vyumba vya chini. Sasa jiweke kwenye viatu vya kijana wa miaka 20, maji hakuna, risasi zinaisha, unachungulia dirishani unamuona meja wako anavuka barabara taratibu na mwavuli. Kuna padri alitaka kwenda kwa majeruhi akakwama sababu ya makombora, meja akamfungulia mwavuli akamvusha. Na gari moja la deraya alilizuia kwa kuchomeka huo mwavuli kwenye tundu la dereva. Aliyejificha angewapa nini wale watoto?

wa_Kirinyaga:
Mimi sipingi ya Arnhem, ni mwanaume haswa. Ila naomba tukimsimulia sisi watu wa huku tusiishie 1944. Wakati wa Mau Mau aliunda kikosi cha kujitolea cha polisi wa farasi upande wa serikali ya kikoloni, na babu yangu alikuwa msituni wakati huohuo. Mtu mmoja alipigania Waholanzi wawe huru halafu huku akasimama upande ule. Yote mawili ni yake, msimulie yote.

mkulima_wa_usiku:
Mkuu wa Kirinyaga umenigusa na uko sahihi, hiyo jana hatukuigusa kabisa. Vipi baada ya daraja, alitekwa?

SajiniMstaafu:
Alitekwa akiwa na majeraha wakampeleka hospitali, akatoroka dirishani na msaidizi wake Kapteni Tony Frank. Waholanzi wakamficha, wakampa karatasi za uongo zinazosema yeye ni bubu kiziwi, akawa anazunguka kwa baiskeli mbele ya Wajerumani kutafuta wenzake waliofichwa vijijini, siku moja mpaka akasaidia kusukuma gari la Wajerumani lililokwama. Usiku wa tarehe 22 Oktoba akawatoa watu kama 138 wakavuka mto Rhine kwa boti.
Kijiweni usianze na mwavuli. Anza na tarumbeta.

mkulima_wa_usiku:
Nimeelewa afande. Kesho naanza na tarumbeta, na ya babu wa Kirinyaga naisema pia.