Seli za kinga zimejaa kwenye tezi yenye limfoma, mbona haziui saratani?

SlaidiSafi
Habari za kazi wakuu. Naomba ufafanuzi kuhusu limfoma ya Hodgkin, ile halisi, yaani saratani ya seli za kinga zinazoitwa limfosaiti. Seli za Reed-Sternberg, ambazo ndizo saratani yenyewe, mara nyingi hazizidi asilimia 5 ya seli zote za tezi. Zilizobaki ni seli za kinga za kawaida: seli T, seli B, makrofaji (seli zinazomeza takataka na vijidudu), eosinofili na seli za plazma. Kinga yote imekusanyika hapo na ugonjwa unastawi. Seli hizo zinafanya kazi gani hasa? Na ripoti ikisema makrofaji ya CD68 (protini inayopakwa rangi ili kuyatambua) ni mengi, namba hiyo niiamini kwa kiasi gani?

DktTezi
Salama mkuu. Seli hizo hazikujileta, zimeitwa. Seli ya Reed-Sternberg humwaga kemokini (protini ya kuita seli) iitwayo CCL17, wengine huiita TARC, na seli T zenye kipokezi cha CCR4 huifuata mpaka ndani ya tezi. Zinazoitikia zaidi ni seli T saidizi za kundi la Th2 na seli T za kutuliza kinga, zile zinazozuia wenzake wasishambulie. Wito huo ni mkubwa kiasi kwamba hupimika kwenye damu: CCL17 huwa juu sana kabla ya tiba na hushuka dawa zinapofanya kazi.

Weka slaidi chini ya lenzi ya mara 40. Utaona seli kubwa yenye viini viwili, kila kimoja na doa nene jekundu katikati, imevikwa pete ya seli T ndogo zilizoigandia utando kwa utando. Nyingi ya hizo ni za CD4, yaani seli T saidizi, na juu ya utando zina protini iitwayo CD40L. CD40L ikigusa CD40 ya seli ya saratani, njia ya mawasiliano ya ndani ya seli iitwayo NF-κB huwaka na seli ile hupata amri ya kuendelea kuishi. Ndiyo maana ni kazi ngumu mno kuziotesha seli za Reed-Sternberg maabara: ukizitenga na majirani zake, nyingi hufa.

Halafu kuna breki. Kipande cha kromosomu ya 9 kiitwacho 9p24.1 hubeba jeni za PD-L1, PD-L2 na JAK2, na karibu wagonjwa wote wa Hodgkin halisi wana nakala za ziada za kipande hicho. PD-L1 ikikutana na PD-1 ya seli T, seli T inazimika. Makrofaji ya jirani nayo hubeba PD-L1, kwa hiyo seli T inakandamizwa na pande mbili. Isitoshe, mara nyingi seli za Reed-Sternberg zimepoteza B2M, protini inayoishikilia juu ya utando MHC ya daraja la kwanza, ile inayozionyesha seli T vipande vya protini za ndani ya seli. Bila hiyo, seli T za CD8, ambazo ndizo wauaji, hazina cha kutambua hata zikiwa zimesimama mlangoni.

Achilia breki ya PD-1 uone tofauti. Jaribio la nivolumab, dawa inayoziba PD-1, lililochapishwa 2015 lilikuwa na wagonjwa 23 ambao ugonjwa ulikuwa umerudi au umegoma tiba, na kwa 20 kati yao uvimbe ulinywea. Kwa kuwa MHC ya daraja la kwanza mara nyingi haipo, naona sehemu kubwa ya kazi hapo hufanywa na seli za CD4.

RangiNaKingamwili
Nijibu la CD68. Utafiti wa 2010 ulihusisha makrofaji mengi na matokeo mabaya kwenye Hodgkin, lakini maabara zilizofuata hazikukubaliana zote, na sababu kubwa ni namna ya kuhesabu. Kwanza uliza klonu ya kingamwili, yaani ni toleo lipi la kingamwili lililotumika kuipaka CD68 rangi ya kahawia. KP1 hushika pia nutrofili na seli nyingine zenye laisosomu nyingi, na tezi ya Hodgkin inazo tele, kwa hiyo hesabu hupanda. PGM1 inachagua zaidi. Pili, makrofaji hunyoosha mikono katikati ya seli nyingine. Ukihesabu kila kipande cha kahawia utapata maradufu. Hesabu tu mwili wa seli wenye kiini. Anza na lenzi ndogo, tafuta maeneo yenye seli za Reed-Sternberg, epuka mikanda ya makovu na nyama iliyooza, kisha hesabu angalau maeneo 5 kwa lenzi ya mara 40. Tonsili iwe kipimo cha kulinganishia: makrofaji ya ndani ya vituo vya vinundu lazima yawake.

Kosa linaloniumiza zaidi hufanyika kabla nyama haijafika maabara. Tezi nzima inatumbukizwa kwenye formalini bila kukatwa. Ganda lake linazuia dawa, katikati panaanza kuoza, na kingamwili inawaka pembeni tu. Msomaji anaandika "makrofaji yapo pembezoni" kumbe anaeleza uozo. Kata vipande vya milimita 3 hadi 4, tumia formalini ya asilimia 10 iliyotulizwa asidi, ujazo mara 10 ya nyama, saa 24. Sindano nyembamba haifai kwa swali hili, maana inakuletea seli bila kukuonyesha nani alikuwa jirani ya nani. Na tafadhali, prednisoloni isianzishwe kabla ya kinyama kuchukuliwa pale hali ya mgonjwa inaporuhusu kusubiri. Inaua limfosaiti na kuvuruga picha yote.

Kwa PD-L1, paka pamoja na PAX5, alama ya seli B ambayo seli za Reed-Sternberg huwa nayo na makrofaji hayana. La sivyo utahesabu makrofaji ukidhani ni saratani.

SlaidiSafi
Asanteni sana. Je, makrofaji ni mabaya kwenye kila limfoma?

DktTezi
Hapana, inategemea limfoma na dawa. Kwenye limfoma ya folikuli, ambayo ni saratani ya seli B, uchambuzi wa jeni wa 2004 ulionyesha kuwa alama za seli T zilienda na maisha marefu, na alama za makrofaji na seli za dendritiki na maisha mafupi. Makrofaji hushika sukari ya manosi iliyo kwenye kipokezi cha seli B kwa kutumia protini yake iitwayo DC-SIGN, na seli B inachochewa. Lakini mpe mgonjwa rituximab, kingamwili inayozigandia seli B: makrofaji yaleyale hula seli zilizofunikwa na dawa, na ubaya wake kwenye takwimu hupungua au hutoweka. Kwenye limfoma ya Burkitt, makrofaji meupe yanayofanya picha ya anga lenye nyota yanakula seli zilizokufa zenyewe, basi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni MALT ya tumbo, limfoma ya seli B inayoota kwenye ukuta wa tumbo. Seli T zinaitambua bakteria ya tumbo Helicobacter pylori, zinaisaidia seli B ya saratani kama jirani. Bakteria akiuawa kwa antibayotiki, msaada unakatika, na takriban robo tatu ya wagonjwa wa hatua za mwanzo uvimbe huisha. Wenye t(11;18), yaani vipande vya kromosomu 11 na 18 vimebadilishana nafasi, mara nyingi hawapati nafuu hiyo, kwa kuwa NF-κB yao inawaka bila kuhitaji seli T. Ipimwe mapema. Kwa wengine, hakikisha bakteria ameisha, kisha rudia endoskopi kwa miezi kadhaa. Kuna ambao uvimbe huchukua zaidi ya mwaka kuisha, na kukimbilia kemo mwezi wa tatu ni kuwaumiza bure.