Naomba ushauri: kunyanyua matiti kwa upasuaji, nami ngozi yangu huota keloidi (kovu linalovimba na kukua kupita jeraha)

Habari zenu ndugu zangu. Niko Tanga, Ngamiani, miaka 38, nimenyonyesha watoto watatu na sitarajii mwingine. Matiti yameshuka mpaka chuchu zinatazama chini. Nikivua sidiria jioni nakuta ngozi ya chini imelowa jasho na kuchubuka, na joto letu la pwani mnalijua. Poda nimepaka mpaka nimechoka.

Daktari amenieleza njia tatu. Ya kwanza unakatwa kuzunguka duara jeusi la chuchu tu, nayo ni ya walioshuka kidogo. Ya pili inaongeza mkato mmoja wima kwenda chini. Ya tatu, anayoona inanifaa mimi, ina mkato mwingine tena unaofuata mkunjo wa titi, kovu likabaki kama nanga. Chuchu haibanduliwi, inasogezwa juu ikiwa bado imeshikana na nyama yenye mishipa yake ya damu. Hapo nilipumua kidogo.

Hofu yangu ni kovu. Nilipotoboa sikio tundu la pili, usichanani, liliota keloidi kama punje ya muhindi, na mpaka leo linawasha. Sasa kovu refu namna hiyo kifuani?

Mliofanyiwa na mna ngozi kama yangu, mlilitunzaje: plasta za silikoni, au sindano? Na mkato wa wima peke yake unaweza kumtosha aliyeshuka kama mimi? Nataka nirudi kwa daktari nikijua la kumuuliza.