Mjadala: Muuguzi mwenye chembe nyeupe chache aondolewe wodini?

Wadau wa afya, hili tulijadili waziwazi. Wapo wanaosema mhudumu akipimwa damu na chembe nyeupe, yaani askari wa mwili dhidi ya magonjwa, zikaonekana pungufu, hafai wodini. Apelekwe masjala mpaka zipande. Mimi napinga kumhukumu mtu kwa namba peke yake.

Majibu ya maabara kwa kawaida huweka kiwango cha chembe nyeupe zote 4,000 hadi 11,000 kwa kila maikrolita ya damu. Lakini Waafrika wengi tumerithi hali inayohusiana na kukosa Duffy, alama ya protini kwenye chembe nyekundu za damu. Neutrofili, yaani zile chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, huonekana chache kwenye damu, na bado hatari ya maambukizi haiongezeki. Mtu ameishi na neutrofili 1,200 kwa maikrolita miaka yote, haugui kuliko wenzake, leo anaondolewa kwenye kazi anayoipenda! Kabla ya kumgusa, arudiwe kipimo, na majibu yake ya zamani yatazamwe.

Yuko mwingine ambaye hali yake ni tofauti kabisa. Anatumia dawa za saratani, au dawa ya tezi la shingo imemshushia chembe hizo ghafla. Neutrofili zikiwa chini ya 500, homa ya nyuzi 38 tu ni dharura ya kukimbizwa hospitali usiku huohuo, maana hata bakteria wa mwilini mwake mwenyewe wanaweza kumuua. Huyo apumzike. Kumpangia zamu kwenye wodi ya magonjwa ya kuambukiza ni ukatili, hata apewe barakoa ya N95.

Kinachoniuma ni kwamba tunawalazimisha watu kuficha. Ukihamishwa wodi, posho ya zamu inakwenda. Ukisema sababu, kabla ya saa sita mchana minong'ono imeshafika jikoni kwamba una virusi vya UKIMWI. Sheria ya UKIMWI ya Tanzania ya 2008 inakataza ubaguzi, ila minong'ono haisomi sheria. Inatosha muuguzi mfawidhi aambiwe na daktari "huyu asipangiwe wodi fulani kwa muda". Jina la ugonjwa halimhusu. Na posho isiguswe.

Ninyi mnaopanga zamu, nijibuni: usiku mna wauguzi wawili tu, mmoja daktari amemzuia. Mnafanyaje, na huyo anayebaki peke yake analindwa na nani?