Shule moja hapa Moshi imemkosesha mwanangu jibu sahihi, nimehoji naambiwa mimi mzazi mbishi

Wakuu, habari za jioni. Kijana wangu yupo la sita kwenye shule ya English medium hapa Moshi, jina naliacha. Kaja na karatasi ya mtihani, swali linauliza maana ya undeniable. Kajibu: jambo ambalo huwezi kulikana kwamba ni kweli. Kapigiwa kosa kwa wino mwekundu, pembeni mwalimu kaandika eti ni kitu ambacho mtu hawezi kunyimwa.

Kosa limetoka wapi nakuona. Kitenzi deny kina kazi mbili, kukana jambo na kumnyima mtu kitu. Lakini hicho kivumishi leo kinatumika upande wa kukana. Utakikuta na fact, na evidence, au na kipaji cha mtu ambacho hata asiyempenda anakikiri. Kilimanjaro ina mita 5,895 na hakuna mlima Afrika unaoizidi. Hiyo ndiyo undeniable fact, na watoto wanaiona Kibo wakiwa mstarini asubuhi mawingu yakiachia. Sasa hapo nani ananyimwa nini? Mwalimu angekuwa anadai maana yake ni irrefutable, yaani kisichopingika, ambayo inakaa zaidi kwenye hoja na ushahidi, ningemsikiliza.

Nikaenda shule. Mwalimu mwenyewe hakubisha kwamba jibu la mtoto lina maana, ila mtihani wameununua na mwongozo wa majibu ndivyo unavyosema. Nikaomba tufungue kamusi, ipo pale pale kwenye kabati la ofisi ya walimu, naiona kwenye kioo. Mwalimu wa taaluma akanizuia: "Mzazi, tukianza hivyo watoto watatudharau." Kabati halikufunguliwa, na mtoto kasimama mlangoni anasikia yote.

Kinachoniuma zaidi, jana usiku nimemkuta anakariri lile jibu bovu. Anasema likirudi mtihani wa kufunga muhula asikose tena. Ada nalipa, basi nalipa, na hiyo mitihani ya kununua nachangishwa pembeni!

Nataka alama yake irudi na darasa zima liambiwe jibu lilikosewa. Walimu mliomo humu, nianze kwa afisa elimu kata au niende moja kwa moja kwa wathibiti ubora wa shule?