Usiitupe hiyo laptopu

*Kikundi: Majirani*

Mama Salma: Habari za jioni majirani. Laptopu yangu inasema Windows 10 haipati tena huduma. Nikijaribu kupanda kwenda 11, inakataa, eti mashine haifai. Nimeambiwa ninunue nyingine. Hakuna njia kweli?

Idi: Shikamoo mama. Ipo njia, usiitupe. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Kwa hiyo laptopu yako si mbovu, haimo kwenye orodha tu.

Mama Salma: Marahaba mwanangu. RAM yake ni GB 4. Mimi ni mtu wa ripoti za kikundi chetu, barua pepe, na kuonana na wanangu kwa video. Basi.

Mwalimu Hamisi: Mama Salma, kwa kazi hizo Linux, mfumo wa kompyuta unaokaa mahali pa Windows, inakutosha kabisa. Chukua Linux Mint, moja ya aina za Linux, ile yenye mwonekano uitwao Xfce, ni nyepesi. Wenyewe wanasema GB 2 za RAM ndio mwanzo, na 4 ndio raha. Usifungue tu vichupo vingi vya kivinjari kwa pamoja.

Baba Amani: Linux si ile ya skrini nyeusi na maandishi matupu? Mnamtesa mama wa watu.

Zainabu: Baba Amani, hiyo simu yako kama ni Android, kiini chake ni Linux. Umekuwa nayo mkononi siku zote 😊

Mwalimu Hamisi: Skrini nyeusi ipo kwa anayeitaka. Kwenye Mint kuna menyu pale chini kushoto, unabofya, unafungua unachotaka. Linus Torvalds aliianza Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na Richard Stallman alikuwa ameshaanza GNU, mradi wa programu huria, tangu 1983. Leo kompyuta zote 500 zinazoongoza duniani kwa nguvu zinatumia Linux, imekuwa hivyo tangu Novemba 2017. Ila mimi ninachokipenda zaidi ni leseni: unaruhusiwa kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kumgawia jirani. Nikikupa flashi yangu sijaiba kitu cha mtu.

Baba Amani: Sawa, lakini mimi programu yangu ya mahesabu inakwenda na Windows tu.

Mwalimu Hamisi: Basi wewe usihame. Nasema kwa dhati. Wine huendesha baadhi ya programu za Windows, lakini riziki ya mtu haiwekwi kwenye "baadhi". Tunaoipenda Linux tunaiharibia jina tunapomhamisha mtu halafu kazi yake inakwama.

Idi: Kabisa. Muulize mtu anafanya kazi gani kwanza, Linux ifuate baadaye.

Mama Salma: Mimi nipo tayari. Naanzia wapi?

Idi: Unaanza bila kugusa chochote kilichomo. Nakuletea flashi jioni hii. Ichomeke, washa mashine huku unabonyeza F12 mfululizo (nyingine ni Esc au F9), chagua flashi. Mint itafunguka kutoka kwenye flashi yenyewe. Jaribu sauti, kamera, waifai na printa. Ukizima na kuchomoa, Windows yako utaikuta vilevile.

*Kesho yake*

Mama Salma: Imefunguka! Sauti ipo, kamera ipo, printa imejitokeza yenyewe bila kuulizwa. Ila waifai haionekani kabisa.

Baba Amani: Nilisema mimi.

Mwalimu Hamisi: Subiri Baba Amani. Mama, fungua Terminal, lile dirisha la kuandikia amri, andika `lspci`, bonyeza Enter, piga picha mstari wenye neno Network.

Mama Salma: 📷

Mwalimu Hamisi: Nimeiona. Chipu hiyo ya waifai inataka kiendeshi, yaani programu ya kuiendesha, ambacho si huria, hakijiweki chenyewe. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa ushirikishaji wa intaneti kwa USB kwenye simu. Kisha menyu, Driver Manager, weka alama kwenye kile kilichoandikwa "recommended", thibitisha.

Mama Salma: Inazunguka… Imekubali! Naona waifai ya nyumbani!

Zainabu: 👏👏👏

Idi: Ukija kuiweka moja kwa moja, hatua hiyo utairudia mara moja tu. Sasa hili ndilo la kuogopa: ukichagua kufuta diski, inafuta kweli. Picha, ripoti, vyote. Leo hamishia kila kitu kwenye diski ya nje, halafu zifungue faili chache huko huko uone zinafunguka.

Mama Salma: Na ripoti zangu za Word?

Mwalimu Hamisi: LibreOffice, programu ya kuandikia hati kama Word, inazifungua, imo tayari ndani ya Mint. Jedwali na mistari inaweza kusogea kidogo kwenye hati zenye mapambo mengi. Ya kusomwa tu itume kama PDF, haitasogea popote.

Zainabu: Mwalimu, mimi sijui kuandika programu. Naweza kusaidia nini?

Mwalimu Hamisi: Mengi. Tafsiri menyu kwa Kiswahili, maana sehemu nyingi bado ni Kiingereza. Kitu kikikwama, waandikie watengenezaji: ulifanya nini, ulitarajia nini, kikatokea nini. Taarifa nzuri ya hitilafu inawaokolea saa nyingi.

Zainabu: Naanza na tafsiri.

Baba Amani: Idi, kuna laptopu ya kijana wangu imelala kabatini. Hiyo anasomea tu. Flashi ikitoka kwa Mama Salma ije kwangu.

Idi: Sawa baba. Angalia kwanza kama kuna picha zake humo.